OpenGL kwa gemu ya picha bapa: tone moja moja, ama zote kwa mkupuo?

Dere_wa_Rongai: Wadau, kwa OpenGL (njia ya programu kuiagiza kadi ya picha ichore) naunda gemu ya matatu inayotoka Rongai kwenda tao, mvua ikinyesha. Hakuna 3D humo, ni picha bapa tu: nganya (matatu iliyopambwa), abiria, na matone 2,000. Kila tone nalifungia tekscha yake (picha iliyopakiwa kwenye kadi), kisha glBegin, glEnd, yaani naagiza lichorwe peke yake. Kwenye kompyuta yangu ya mtumba fremu moja (picha nzima ya skrini) inakula milisekunde 40. Nataka fremu 60 kwa sekunde, yaani milisekunde 16 na kidogo. Nirudi kuchora kwa CPU (prosesa kuu)?

Fundi_Luthuli: Usirudi, ndugu yangu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ni pikseli zaidi ya milioni mbili, baiti nne kila moja. CPU izijaze mara 60 kwa sekunde na bado iendeshe gemu? Kadi yako haijachoka, inangoja. Unasafirisha abiria mmoja mmoja kwa gari la viti 14. Kusanya picha zote kwenye tekscha moja kubwa, jaza bafa moja (kumbukumbu ya data ya kuchora), kisha ita glDrawElements mara moja, ichore vyote. Tone lina pembe nne. Ukiweka baiti 20 kwa kila pembe, mvua yote ni kilobaiti 160. Halafu glBegin iliondolewa tangu OpenGL 3.1, mwaka 2009, na OpenGL ES ya simu haijawahi kuwa nayo.

Mama_Pikseli: Au tumia SDL2, maktaba ya kuundia gemu. Tangu toleo la 2.0.10 inakusanya miito ya kuchora yenyewe, huandiki sheda (programu ndogo ya kadi) hata moja. Lakini ukibadilisha tekscha kila mara, mkusanyo unakatika, kwa hivyo ile tekscha moja bado unaihitaji.

Shiko_Sheda: Nyote mnadhani shida ni miito. Kwanza apime! Dere, punguza eneo la kuchora liwe nusu. Kasi ikipanda, pikseli ndizo zinakulemea. Isipobadilika, ni CPU na draiva (programu inayoiendesha kadi). Gemu bapa hupanga tabaka juu ya tabaka: anga, majengo, barabara, mvua. Pikseli moja inapakwa mara nne, tano, na simu za bei ya chini hapo ndipo zinapolemewa. Anga haina uwazi, mbona uichanganye? Izimie GL_BLEND (uchanganyaji wa rangi na kilicho nyuma).

Dere_wa_Rongai: Nimerudi. Nilipima kwanza: kompyuta haikubadilika hata kidogo, kwa hivyo Fundi alikuwa sawa. Nimekusanya kila kitu, sasa ni milisekunde 6! Ila matone yamepata ukingo mwembamba wa manjano, rangi ya nganya iliyo jirani kwenye tekscha.

Fundi_Luthuli: Acha pikseli mbili tupu kati ya picha na picha.

Dere_wa_Rongai: Ukingo umeisha, asante. Lakini kwenye simu ya ndugu yangu ni milisekunde 22, na nikipunguza eneo inashuka hadi 9. Shiko, hapo ni wewe. Naanza na anga usiku huu.