Mtambo wa kuvuta bonge la damu kichwani: tuununue, au pesa ziende kwenye presha?

Kisutu Kwetu
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulijadili hili. Mtu akipata kiharusi kwa sababu mshipa mkubwa wa ubongo umezibwa na bonge la damu, siku hizi bonge hilo linatolewa bila kupasua kichwa. Daktari anaingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa pajani, karibu na kinena, anaupandisha hadi shingoni na kuingia kichwani huku akiufuatilia kwenye eksirei, kisha analinasa bonge kwa kijiwavu cha waya au analifyonza. Ulaya na Marekani ni tiba ya kawaida tangu 2015, zilipotoka tafiti tano mfululizo, ya kwanza ya Uholanzi yenye wagonjwa 500. MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, mtambo wa kupitia mishipa upo. Swali langu: huduma hii isambazwe hadi hospitali za Bugando, KCMC, Mbeya na Benjamin Mkapa, tena usiku na mchana, au fedha ziende kwanza kwenye dawa za presha na elimu? Mimi nasema isambazwe. Nimechoka kuona watu wa miaka 45 wanalishwa uji kwa kijiko.

Kahawa ya Hai
Napinga. Sisi watu wa Hai, Kilimanjaro, tulihesabiwa wagonjwa wa kiharusi, sisi na Dar, majibu yakatoka 2010. Ukilinganisha kwa umri, Dar ilikuwa na wagonjwa wapya kama 316 kwa kila watu laki moja kwa mwaka, Hai 109. Karibu mara tatu! Na kinachotangulia mara nyingi ni presha ambayo haikupimwa, au ilipimwa na mwenyewe akaacha dawa kwa kuwa anajisikia vizuri. Kidonge cha amlodipini hakifiki bei ya chapati. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Halafu nakumbuka mwaka 2013 tafiti zilisema huko kuvuta bonge hakuna faida. Leo tunaletewa kama muujiza.

Kisutu Kwetu
Mkuu, za 2013 zilikuwa tatu na ni kweli hazikuonyesha faida. Lakini zilitumia zaidi vifaa vya kizazi cha mwanzo, na wagonjwa wengine waliingizwa bila kuhakikisha kwanza kama kuna mshipa mkubwa ulioziba. Utamvutaje bonge mtu asiye na bonge? Hizo tano za baadaye zilijumlishwa pamoja 2016, wagonjwa 1,287. Baada ya siku 90, waliovutwa bonge walioweza kujihudumia wenyewe walikuwa 46 kwa mia. Waliopewa matibabu ya kawaida, kama 26. Hiyo tofauti ya ishirini ni watu wanaokwenda msalani bila kubebwa.

Nesi wa Zamu
Nifafanue kidogo, maana naona watu wanadhani kila kiharusi kinavutwa. Kuna cha mshipa kuziba na kuna cha mshipa kupasuka damu ikavuja. Ule utafiti mkubwa wa Nigeria na Ghana wa 2018, kama theluthi ya wagonjwa walikuwa wa kuvuja. Hao huwagusi kwa dawa ya kuyeyusha damu, utawaua. Na kwa macho huwezi kuwatofautisha, mdomo umepinda vilevile, mkono umelegea vilevile. Mpaka siti skani, ile picha ya kichwa. Waliobaki nao si wote wenye bonge kwenye mshipa mkubwa.

Lakini niseme la moyoni. Miaka kumi na moja nipo wodini. Mgonjwa analetwa siku ya tatu. Ameshasuguliwa mafuta ya nyonyo, ameombewa, ameitiwa mtu wa kumtoa upepo, amelazimishwa uji ukaingia kwenye mapafu. Mtambo gani utamsaidia huyo? Wagonjwa hawa wanauawa na ndugu zao majumbani, sisi tunapokea mabaki.

Bintimzee
Dada Nesi, hilo neno "mabaki" umelitoa vibaya sana. Na hilo la ndugu kuua umelisema kama vile sisi tuna raha.

Baba yangu aliamka alfajiri kwa adhana kama siku zote. Nikasikia kopo la udhu limeanguka. Nikadhani limemponyoka. Likaanguka mara ya pili. Nilipofika anajaribu kuliokota kwa mkono wa kulia, vidole vinapita juu ya mkono wa kopo havikamati, na ananitazama kama ananiuliza mimi. Sikumsugua mafuta. Sikumwita mtu yeyote. Nilimpakia kwenye bajaji, saa kumi na mbili asubuhi tuko mapokezi. Unajua picha ya kichwa alipigwa saa ngapi? Saa saba mchana. Mpiga picha hajafika, kisha risiti, kisha umeme, kisha daktari wa zamu anabadilishana na mwenzake. Saa saba nzima amelala kwenye benchi la ubao, kichwa kwenye mapaja yangu. Leo mwaka wa pili hasemi. Sasa nani amechelewesha hapo?

Babu Tausi
Pole sana binti. Nesi anatakiwa aombe radhi.

Nesi wa Zamu
Sikumsema yeye. Nimesema ninachokiona kila wiki.

Bintimzee
Umesema "ndugu zao". Mimi ni ndugu.

Mzigo wa Kariakoo
Hapo mnamwonea Nesi. Mjomba wangu alikaa siku nne kwa mtaalamu wa majini huko Tanga, na aliyempeleka ni shangazi, mwalimu mstaafu, msomi kabisa. Tuseme ukweli, familia nyingi ndivyo zinavyofanya.

Babu Tausi
Na tuseme ukweli mwingine, huyo shangazi alimpeleka huko kwa sababu mara ya mwisho alipokwenda hospitali alikaa kutwa bila kuonwa. Watu si wajinga. Mtu hukimbilia anakopokelewa.

Salma wa Temeke
Samahani nauliza, hii ya kuanza kujimwagia maji kichwani wakati wa kuoga ndiyo inaleta kiharusi? Nimetumiwa ujumbe kwamba ndiyo maana watu wengi wanaangukia bafuni.

Nesi wa Zamu
Hapana dada. Anaanguka bafuni kwa sababu kiharusi kimemkuta bafuni. Oga utakavyo, ila pima presha.

Mzigo wa Kariakoo
Mbona bibi yangu alianguka bafuni na presha hakuwa nayo?

Nesi wa Zamu
Alipimwa lini?

Mzigo wa Kariakoo
Hakuwahi kulalamika.

Kahawa ya Hai
Mmeona? "Hakuwahi kulalamika." Hilo ndilo jibu la nchi nzima. Presha haina kelele. Kwenye huo utafiti wa Nigeria na Ghana alioutaja Nesi, presha ilikuwa namba moja kwa mbali kati ya mambo yanayochangia kiharusi, na kwenye orodha hiyo hiyo kuna hata kutokula mboga za majani. Mboga za majani, jamani! Mchicha upo. Mimi kila Jumapili nakaa na mashine yangu ya kupimia nje ya kanisa, napima bure, na kila Jumapili napata mtu mwenye 190 kwa 110 anayeniambia amekuja tu kunisalimia. Nipeni mimi bei ya mtambo mmoja nipime wilaya.

Bintimzee
Mzee wangu, nakuheshimu kwa kazi hiyo, na Mungu akulipe. Lakini baba alikuwa anapimwa. Alikuwa na daftari lake la kliniki, anakunywa dawa. Unaniambia nizibe ufa, na ukuta wangu umeshaanguka umemwangukia mtu yuko chini yake. Huyo naye ana haki yake.

Kahawa ya Hai
Nimekusikia mwanangu. Sikujua alikuwa kwenye dawa.

Mswahili wa Leeds
Nafanya kazi ya uuguzi huku Uingereza. Msidhani huku mambo ni mteremko. Mwaka 2019 waliweka lengo kwamba wagonjwa 10 katika kila 100 wa kiharusi wavutwe bonge. Kufikia 2024 walikuwa bado hawajafika nusu. Mitambo ipo, majengo yapo, wanaokosekana ni madaktari wa kuushika huo mpira saa nane za usiku. Kuna maeneo ukiugua Jumamosi jioni unalala na bonge lako. Kwa hiyo Kisutu Kwetu, ukinunua mtambo bila timu ya zamu umenunua fanicha. Na ubongo hausubiri, unapoteza chembe karibu milioni mbili kwa saa.

Nesi wa Zamu
Kwa dakika, ndugu yangu. Milioni 1.9 kwa dakika, mshipa mkubwa ukiziba.

Mswahili wa Leeds
Kweli, kwa dakika. Ahsante.

Mzigo wa Kariakoo
Nimesoma mahali kwamba dawa ya kuyeyusha wanakupa mpaka saa nne na nusu. Kwa hiyo ukifika saa tano usiku wameshafunga? Serikali iongeze muda wa kufungua basi, hata saa sita.

Nesi wa Zamu
Si saa ya ukutani. Ni muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Ikianza saa moja jioni, una hadi saa tano na nusu usiku kuwa umeshapigwa picha na sindano imeingia. Ikianza saa nane za usiku, una hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Mzigo wa Kariakoo
Aisee. Miaka yote nilidhani ni saa ya kufunga.

Babu Tausi
Si wewe peke yako. Huo ndio ubaya wa elimu ya mabango. Wameandika "wahi ndani ya saa nne na nusu" hawakuandika tangu lini.

Jirani wa Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mnazungumzia mtambo, sisi huku kabla hujafika kwa mtambo unaulizwa nani atalipa. Tangu Oktoba 2024 tulitolewa bima ya afya ya NHIF tukaingizwa mfumo mpya wa SHA, na mgonjwa wangu amekaa kwenye gari nje ya mlango watu wakihakikisha kama jina lake linasoma. Dakika hizo Nesi amezitaja ndizo tulizimaliza pale. Mtu akiwa na pesa mfukoni anaingia. Bonge halijui nani ana pesa.

Kisutu Kwetu
Ndugu zangu, tumetoka kwenye mada. Swali lilikuwa mtambo au presha. Na mnaosema hii ni anasa ya matajiri, Brazil walijaribu kwenye hospitali zao za umma 12, wagonjwa 221, majibu yakatoka 2020. Waliovutwa, 35 kwa mia waliweza kujitegemea, wenzao 20. Hospitali za umma, si za kulipia. Ilibidi wasimamishe utafiti mapema kwa sababu faida ilishaonekana.

Mzigo wa Kariakoo
Brazil wanatengeneza ndege, kaka.

Babu Tausi
Na sisi tunapasua mioyo pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, kitu ambacho zamani tulikipeleka India. Nani alisema wakati ule tungoje kwanza watu waache chumvi? Hayo mambo mawili yanakwenda pamoja. Ila mimi ningeanza na siti skani inayofanya kazi usiku katika kila mkoa. Bila hiyo huwezi kuyeyusha, huwezi kuvuta, huwezi hata kumwambia mtu anaumwa nini.

Kahawa ya Hai
Hilo la siti skani ya usiku nakubali. Mtambo bado sikubali.

Kisutu Kwetu
Siti skani bila mtambo ni kumwambia mtu anachokufa nacho.

Kahawa ya Hai
Na mtambo bila gari la wagonjwa ni nini? Kutoka Tarakea mpaka KCMC kwenye mvua umeshawahi kwenda?

Kisutu Kwetu
Basi kwa hoja hiyo tusijenge kitu chochote, tukae.

Kahawa ya Hai
Usinitie maneno mdomoni, kijana.

Nesi wa Zamu
Jamani. Nilikuwa zamu usiku, sasa nimekaa. Binti, nimerudi kusoma ulichoandika. Lile neno nimelitoa vibaya, nisamehe. Lilikuwa la uchovu, na halikuhusu nyumba yako.

Nataka kukuuliza kitu, kama hutaki usijibu. Mgonjwa akiamka nacho hatuhesabu tangu alipoamka. Tunahesabu tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima. Wewe mara ya mwisho kumwona mzima ilikuwa saa ngapi?

Bintimzee
Nimekusamehe.

Saa tano usiku. Nilimpelekea maji ya kunywea dawa. Akaniambia nizime taa ya ukumbini, luku inakwisha. Alisema vizuri kabisa, hata alinitania.

Nesi wa Zamu
Saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa saba. Dawa ya kuyeyusha ilikuwa imeshampita kabla hujafika mapokezi. Kabla hujaamka. Sikwambii hivi kukuumiza, nakwambia ili ujue kwamba si bajaji yako wala wewe.

Kisutu Kwetu
Lakini kuvutwa bonge? Tangu 2018 tafiti mbili zimeonyesha kuna wanaofaa mpaka saa 16, na wengine mpaka saa 24. Moja ilikuwa na wengi walioamka nacho hivyo hivyo, waliojitegemea walikuwa 49 kwa mia dhidi ya 13.

Nesi wa Zamu
Ndiyo. Kama lilikuwa bonge, na mshipa mkubwa, na picha ikaonyesha bado kuna sehemu ya ubongo ya kuokoa. Hata hiyo saa saba mchana alikuwa bado ndani ya muda. Kama ilikuwa damu iliyovuja, hapana. Walikwambia ilikuwa ipi?

Bintimzee
Hakuna aliyeniambia. Walisema "kiharusi", wakaandika dawa, wakatupa kitanda.

Ile picha ninayo. Ipo kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati lake, na karatasi ya maelezo imebanwa kwa pini, ya Kiingereza tupu na mwandiko siuwezi. Kesho kukipambazuka naishika dirishani niipige kwa simu nikutumie pembeni. Uniambie tu ilikuwa ipi.