Babu aliitwa "Chini", kitambulisho kinasema Chan, huyu bwana anasema ni Chen. Nilipe?

Binti wa Mkunazini (mleta uzi)

Asalaam alaykum wakuu, habari za humu. Nina jambo linanikosesha usingizi, na najua humu hawakosekani waliosoma China au wanaofanya biashara na Wachina.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mchina. Alifika Unguja kabla ya Vita Vikuu vya Pili, akawa ananunua majongoo ya pwani, anayachemsha, anayakausha na kuyasafirisha. Akasilimu, akamuoa bibi, wakapata watoto wanne, mama ndiye kitinda mimba. Alifariki mama akiwa na miaka sita, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi hasa. Tulichobaki nacho ni kasha la mbao: picha yake moja, kitambulisho cha enzi za Mwingereza kilichoandikwa "Chan", na bahasha mbili kuukuu. Mtaani walimwita Mzee Chini. Mama anasema mwenyewe alivyokuwa akijitaja ndivyo ilivyosikika, na watoto walikuwa wakimtania: "Mzee Chini yuko juu!" kila akipanda darini kugeuza majongoo yake.

Mwezi uliopita nilijiunga na kundi la WhatsApp la watu wanaotafuta ndugu zao China. Akanifuata mtu faragha, Kiingereza chake kimenyooka. Anasema yeye ni Chen wa mkoa wa Fujian, kwamba Chan, Chen na Tan ni jina moja, kwamba Chen wote ni damu moja, na kwamba kitabu cha ukoo wao kinachapishwa upya mwaka huu. Nikitoa dola 350, jina la babu na la mama yataingizwa.

Akanitumia jina lao kwa Kichina: 陈. Nimelinganisha na lililoandikwa nyuma ya picha ya babu, hayafanani. Kushoto sawa, kama herufi B inayoning'inia kwenye kijiti. Ila kulia, kwa babu kuna kitu kama mti uliopigiwa boksi katikati, na kwa huyu bwana ni kama namba 4 iliyovunjika miguu.

Sasa hili ni jina moja au mawili? Na nilipe au nisilipe? Mama ana miaka 71, na tangu nimdokeze habari hii hakai kitako. Picha nimeshindwa kupandisha, simu inagoma.

Kichwa Maji

Usilipe. Nimemaliza.

Mkalimani wa Kariakoo

Kichwa Maji amewahi, ila binti anahitaji sababu za kumwambia mama yake.

Dada, nimekaa Guangzhou miaka sita. Ulichokiona nyuma ya picha ni 陳, na alichokutumia huyo bwana ni 陈. Ni jina lile lile. Serikali ya China ilianza kurahisisha maandishi mwaka 1956, babu yako akiwa kashaondoka zamani, kwa hiyo yeye aliandika alivyofundishwa utotoni. Hong Kong na Taiwan wanaandika kama babu mpaka leo. Ule "mti wenye boksi" ni neno mashariki, na wazee wao hueleza kwamba ni jua limenaswa kwenye mti. Ile B wanaiita sikio. Mchina akijitambulisha kwenye simu atakwambia "mimi Chen, ya sikio na mashariki", kwa sababu yako maneno mengine yanayokaribiana nalo kwa sauti.

Tahajia nazo zinatokana na lugha. Kimandarini, yaani Kichina cha serikali, wanasema Chen. Kikantoni, yaani Guangzhou na Hong Kong, wanasema Chan. Watu wa Fujian ya kusini wanasema Tan, ndiyo maana Singapore Tan ndilo jina linaloongoza kwa Wachina wa huko. Wavietnam wanalo pia, kwao ni Trần, la pili kwa wingi baada ya Nguyễn. Andishi moja, makarani wanne, kila karani na sikio lake.

Kwa hiyo kwenye jina hajakudanganya. Kwenye damu ndipo ameanza kupika. China bara peke yake Chen wamepita milioni 60. Chukua Watanzania wote waliohesabiwa kwenye sensa ya 2022, wape wote jina moja, halafu mtu akwambie "tulieni, sisi ni familia". Na hapo Chen ni la tano tu, nyuma ya Wang, Li, Zhang na Liu. Ukishuka kusini linapanda: mkoa wa Guangdong ndilo la kwanza, Taiwan ni la kwanza vilevile, kila watu 100 kama 11 ni Chen. Kule pwani ya Fujian wana msemo, "Chen na Lin nusu ya dunia, Huang na Zheng wamejaa barabarani."

Mpenda Historia

Hapo kwenye damu tusimhukumu haraka. Simulizi yao ina mzizi. Mfalme Wu wa Zhou alipoangusha utawala wa Shang, miaka elfu moja na ushei kabla ya Kristo, alimtafuta mtu wa kizazi cha mfalme wa kale Shun ili aendeleze matambiko ya mababu. Akampata Gui Man, akamkatia nchi iliyoitwa Chen, makao yake pale panapoitwa leo Huaiyang, mkoa wa Henan. Nchi hiyo ilimezwa na dola ya Chu mwaka 479 KK, na watu wakabeba jina la nchi likawa jina la ukoo. Kuna mwana wa mfalme mmoja alikimbilia dola ya Qi mwaka 672 KK, uzao wake ukajulikana kama Tian na mwishowe ukanyakua kiti cha enzi cha huko. Ndiyo maana baadhi ya akina Tian nao wanajihesabu ndugu wa Chen.

Halafu kuna kisa ninachokipenda, cha Chen wa De'an mkoani Jiangxi. Ukoo ule ulikaa pamoja vizazi na vizazi, jiko moja, mali moja, hadi wakafika watu wapatao 3,900. Wanasimulia hata mbwa wao 100 walikula hori moja, na mmoja akichelewa wenzake wanamsubiri. Mwaka 1062 mfalme Renzong akaamuru watawanywe, wakagawanywa mafungu 291. Chen wengi wa kusini hudai wametoka kwenye moja ya mafungu hayo.

Fundi Saa

Hudai, umesema vizuri. Na Washirazi wetu nao wote walitoka Shiraz, sivyo?

Mwaka 496 mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini, ambaye hata Mchina wa Han hakuwa, aliamuru koo za Waxianbei, kabila lake, zichukue majina ya Kichina. Ukoo wa Houmochen ukakatwa kichwa, ukabaki Chen. Hao na Gui Man wana undugu gani?

Na mnamjua Jackie Chan? Kwa Kimandarini anaitwa Cheng Long, lakini jina la kuzaliwa ni Chan, hii hii ya sikio na mashariki. Basi ukubwani ndipo baba yake alipomwambia kwamba ukoo wao hasa ni Fang, kwamba alibadili jina wakati wa misukosuko ya kukimbilia Hong Kong. Mtu maarufu kuliko wote mwenye jina hilo si wa jina hilo. Wachina wa Marekani nao, baada ya moto wa San Francisco wa 1906 kuteketeza kumbukumbu za vizazi, wengi waliingia kwa karatasi za kujifanya watoto wa watu waliokwisha kuwa raia, na ukoo wa kwenye karatasi ukawaganda mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo binti, usitie akili yote kwenye jina.

Mzee wa Mlimba

Wanangu, mimi nilikuwa kibarua wa reli ya Uhuru miaka ya sabini. Kambi yetu ilikuwa na Chen watatu. Yule mtu mzima tulimwita Lao Chen, kijana Xiao Chen, wa tatu tukamwita Chen Miwani. Siku moja nikauliza, nyie ni ndugu? Walicheka mpaka Lao Chen akamwaga chai. Wawili hawakuelewana hata lugha ya nyumbani kwao, kila mmoja alimsemesha mwenzake kile Kichina cha serikali.

Binti wa Mkunazini

Nawashukuru wote, na Mzee wa Mlimba umenichekesha na mie nilikuwa nalia. Nikimwambia mama "milioni 60" atakata tamaa moja kwa moja. Hakuna njia?

Mkalimani wa Kariakoo

Ipo, na mwenyewe umeiandika juu halafu ukaipita. Mzee CHINI.

Babu hakusema Chan. Chan ni ya Kikantoni cha mjini, pengine karatasi zake zilipitia Hong Kong kabla hajapanda meli. Yeye mdomoni alisema Chin, na Waswahili mkamwongezea irabu yenu. Kuna watu wanaolitamka jina hili Chin, wakiwemo wa Taishan na wilaya jirani, kusini magharibi mwa Guangzhou. Taishan imepeleka watu Marekani, Kanada na visiwani kote. Yuko mwana wa huko aliyekwenda Seattle akatajirika, vitabu vya Marekani vinamwita Chin Gee Hee, kwa Kimandarini ni Chen Yixi. Uzeeni alirudi akawajengea watu wa kwao reli, ujenzi ukianza 1906. Jina ni hili hili la babu, na Wamarekani walilisikia kama walivyolisikia watoto wa Mkunazini.

Mtu wa Fujian ya kusini angejiita Tan. Kwa hiyo hata kama huyo bwana ana kitabu cha kweli, yaelekea si cha babu yako.

Mpe mtihani mmoja. Koo nyingi za Kichina zina shairi la vizazi. Kila kizazi kinachukua neno moja la shairi kwa mpangilio, na wanaume wote wa kizazi hicho, ndugu na binamu, wanalibeba kwenye majina yao, mara nyingi neno la katikati. Mwambie akutajie shairi la ukoo wake na akuonyeshe neno la katikati la babu yako limo mstari gani. Mwenye kitabu anajibu kabla chai haijapoa.

Na zile bahasha, dada, ndizo mali. Zipandishe.

Kichwa Maji

Nilisema usilipe tangu mwanzo, hamkunisikiliza.

Binti wa Mkunazini

Nimemuuliza. Kwanza akasema shairi gani. Baadaye akasema hilo "litashughulikiwa baada ya malipo". Nilipouliza tena, kashusha bei hadi dola 200. Nimemfungia.

Mtoto wa kaka amenisaidia kupandisha. Hii ni nyuma ya picha, na hii bahasha moja. Ya pili imeliwa na mende.

Mkalimani wa Kariakoo

Subirini.

Haya. Bahasha imeandikwa kwa brashi, mistari ya kusimama. Mstari wa kushoto ni wa mtumaji: mkoa Guangdong, wilaya Taishan (neno la pili ni lile lenye vilele vitatu, mlima), kisha Doushan, kisha jina la kijiji ambalo neno lake moja limefunikwa na muhuri wa posta. Nitalitazama tena kwenye kompyuta. Doushan ndiko alikotoka huyo huyo Chin Gee Hee, wala msianze kujitangazia undugu naye, kule Chen wamejaa.

Sasa mtazame jina la mtumaji. Neno la kwanza ni Chen. Neno la pili ni lile lile lililo katikati ya jina la babu yako nyuma ya picha. La tatu ni tofauti. Huyo si baba wala ami yake. Ni mtu wa kizazi cha babu, ndugu au binamu yake.

La kufanya: usitafute "Chen", tafuta kijiji. Iandikie ofisi ya serikali ya Taishan inayoshughulikia Wachina wa ng'ambo, kwa Kichina, nami nitakuandikia bure. Weka picha ya bahasha, picha ya babu, mwaka wa kufariki. Wakati unasubiri, tovuti ya FamilySearch ina vitabu vingi vya koo za Kichina na haidai senti, na Maktaba ya Shanghai ina hazina kubwa kuliko zote ya vitabu hivyo. Ukijaliwa kusafiri, nenda siku za Qingming, mwanzoni mwa Aprili, wanapokwenda kufagia makaburi. Siku hiyo watu waliosambaa mijini hurudi kijijini, na wazee utawakuta. Ukipita Guangzhou, shuka metro kituo cha Jumba la Ukoo wa Chen ulione. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa michango ya akina Chen wa wilaya 72 za Guangdong, mapaa yote yamepambwa sanamu za udongo. Siku hizi ni makumbusho.

Moja nikuandae nayo: vitabu vya zamani viliandika wana wa kiume tu. Babu unaweza kumkuta, tena labda kaandikwa "alikwenda ng'ambo" basi. Mama yako hatakuwemo. Koo nyingi siku hizi zikichapa upya zinaingiza na mabinti, kwa hiyo omba.

Fundi Saa

Kifagio, ubani na picha ya babu. Dola 350 zigeuze nauli.

Binti wa Mkunazini

Nimemsomea mama yote, neno kwa neno. Nilipofika pale pa "ndugu au binamu" akaniambia nirudie. Halafu akainuka akaenda kwenye kasha, akaitoa ile bahasha iliyoliwa na mende. Anasema kona moja bado inasomeka, nikupigie picha karibu na dirisha, jua likiwa zuri. Kesho asubuhi inshallah.