Nauza fulana mtandaoni nikiwa Mwanjelwa: kwenye sanaa ya Meksiko niguse nini, niache nini?

mchora_mwanjelwa

Habari za majukumu wakuu. Nina fremu ya kuchapa fulana na vikombe hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mchana ni kazi za kawaida: fulana za misiba, sare za vikoba, na kampeni zikifika tunamshukuru Mungu. Usiku nachora vya kwangu na kuvipakia kwenye maduka ya nje yanayochapa kwa oda. Kwa wasioijua hii biashara: wewe unapakia faili tu. Mteja wa Texas akinunua, wao wanachapa, wanafunga, wanatuma, na wewe unakatiwa chako. Stoo huna, mzigo huna. Ila faida ya fulana moja ni hela ya chipsi kavu, kwa hiyo lazima ziende nyingi.

Sasa kuanzia Septemba wateja wa kule wanatafuta sana vitu vya Siku ya Wafu ya Meksiko, ile ya Novemba 1 na 2. Hela naitaka, sifichi, lakini yenyewe pia imenigusa. Sisi nyumbani ni Wakatoliki, na Novemba 2 tunafyeka makaburi na kuwasha mishumaa. Nilipoona wenzetu wanatandika meza, wanaweka picha ya marehemu, chakula alichokipenda na yale maua ya njano wanayoyaita cempasúchil, nikaona hawa hatupishani sana.

Rasimu zangu ni hizi. Frida Kahlo, yule mchoraji wa Meksiko, mwenye maua kichwani. Catrina, yule mwanamke fuvu wa kofia kubwa. Jiwe la Jua, lile la duara lililochongwa na Waazteki wa kale wa Meksiko, nimelifuatisha juu ya picha. Karata za Lotería, ule mchezo wao wa bahati wa karata za picha, ambamo nimechomeka na karata ya parachichi kwa heshima ya Rungwe. Halafu wale ndege na wanyama wa rangirangi wa kudarizi wanaoitwa tenango.

Duka moja lilishawahi kuniondolea mchoro bila hata kuniambia kosa. Safari hii sitaki akaunti nzima iende. Kipi kipite, kipi kibaki kwenye kompyuta?

BintiKihesa

Kamwene kaka. Nipo Iringa, nauza vikapu vya milulu kwa wateja wa nje, na nimeshaona kikapu cha mama zetu kikiuzwa mtandaoni kama "ubunifu" wa mtu asiyejua hata milulu inaota wapi. Kwa hiyo usinitegemee nikujibu kwa upole.

Frida, futa. Jina lake limesajiliwa kuwa alama ya biashara na kampuni, na picha alizochora zina wasimamizi wake. Mwaka 2018 hata mdoli wa Barbie wenye sura yake uliishia mahakamani Meksiko. Wewe wa Mwanjelwa utapita wapi?

Catrina ndiyo yenye utamu, ila watu wengi hawajui wanachochora. Aliyemtengeneza ni José Guadalupe Posada, mchongaji wa Aguascalientes aliyekuwa akichorea vijikaratasi vya bei ya chini vya kuuzwa mitaani. Alifariki 1913, fukara, akazikwa kaburi la maskini. Kazi zake leo ni mali ya umma, yaani haki zimeisha, yeyote anaweza kuzitumia. Lakini Catrina wa Posada ni kichwa na kofia, basi. Ilikuwa kejeli kwa watu waliojitia Uzungu, wakaona aibu asili yao. Gauni refu, mwili mzima na lile skafu la manyoya kama nyoka aliongeza mchoraji Diego Rivera kwenye mchoro wake wa ukutani wa 1947. Rivera alifariki 1957, na haki za kazi zake, pamoja na za Frida, zinasimamiwa na mfuko wa udhamini uliopo Benki Kuu ya Meksiko. Sasa angalia rasimu yako. Kama Catrina wako ana gauni na lile skafu, hapo umemchukua Rivera. Rudi kwa Posada, chukua kichwa na kofia, halafu mvishe unavyotaka wewe. Mimi ningeiweka hiyo kejeli ndani, maana watu wa kujitia hivyo hata hapa Iringa tunao wa kutosha.

Jiwe la Jua lilifukuliwa Desemba 1790 kwenye uwanja mkuu wa Jiji la Meksiko, na sasa lipo Makumbusho ya Taifa ya Anthropolojia. Sheria yao ya 1972 inataka kibali cha taasisi yao ya mambo ya kale, INAH, kwa mtu anayenakili vitu kama hivyo kibiashara. Tena umefuatisha picha, na picha ina mpigaji wake. Hilo tatizo la pili.

Lotería: mchezo wenyewe hauna mwenyewe, una zaidi ya miaka 200 huko. Ila zile sura tunazozijua wote, jogoo, nguva, shetani mwekundu, zipo mikononi mwa kampuni inayochapa karata za Don Clemente. Usinakili jogoo wao. Chora wako, na hiyo parachichi iache, ni nzuri.

Tenango ndiyo nakuomba uiache kabisa. Inatoka kwa Waotomí wa Tenango de Doria, jimbo la Hidalgo. Miaka ya 1960 ukame uliwamaliza, mashamba yakagoma, wanawake wakaanza kudarizi vya kuuza ili watoto wale. Hiyo si mapambo ya zamani ambayo wenyewe wameshakufa. Kuna mama leo hii ameshika sindano, na mchoro wako unashindana naye kwa bei ambayo hawezi kushuka. Mwaka 2019 waziri wao wa utamaduni, Alejandra Frausto, aliiandikia nyumba ya mitindo ya Carolina Herrera akiwadai maelezo kuhusu darizi hizohizo. Januari 2022 ikatoka sheria ya kulinda urithi wa jamii za asili na za Waafrika wa Meksiko, na ndani kuna kifungo. Agosti 2025 Adidas walikwenda hadi Yalálag, Oaxaca, kuomba radhi kwa sababu ya kiatu kilichoiga makubazi ya wenyeji wa hapo.

mzee_wa_Uyole

Binti umeandika vizuri ila unamtisha kijana. Polisi wa Meksiko aje Mwanjelwa kumfuata mtu wa fulana? Achape, ale. Wachina wanachapa vitenge vyetu kila siku, nani kawauliza?

BintiKihesa

Shikamoo mzee. Polisi hatakuja, kweli. Duka la mtandaoni ndilo litafunga akaunti, na salio lililomo litabaki hukohuko. Na kuhusu Wachina na vitenge, mbona tunalalamika basi? Hatuwezi kulia asubuhi na jioni tukafanya yaleyale.

mzee_wa_Uyole

Marahaba. Hilo la salio limeniingia.

mtoto_wa_Kalenga

Mimi suala langu ni fuvu lenyewe. Huku kwetu fuvu si pambo. Mkwawa alipokufa 1898 Wajerumani walichukua kichwa chake, likatajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu likarudi 1954. Lipo makumbusho hapa Kalenga. Mtu akilichapa hilo kwenye kikombe cha chai tutagombana, awe wa Mbeya awe wa Texas. Sasa mafuvu ya wenzetu tunayachora kwa raha gani?

BintiKihesa

Swali halali. Ila la Mkwawa ni la mtu, ana jina, ana ukoo, na lilichukuliwa kwa vita. Catrina si fuvu la mtu yeyote, ni katuni, na Wameksiko wenyewe wanajipaka uso hivyo na kuwapa watoto mafuvu ya sukari yaliyoandikwa majina yao. Wao ndio walioamua kutaniana na kifo. Kinachoniudhi ni pale fuvu linapowekwa damu na visu ili liuzike Halloween. Hapo siku ya kuwakumbuka wazazi imegeuzwa kuwa ya kutisha watu. Kaka mchora, kama una damu kwenye rasimu, ifute.

fundi_filamu_DTF

Nami niongeze la ufundi, maana haki ukiwa nayo na mchoro ukitoka ukungu bado umepoteza. Faili la fulana liwe PNG yenye usuli wazi (nyuma ya mchoro pasiwe na rangi), pikseli 4500 kwa 5400, ndicho kipimo kinachopokewa sehemu nyingi. Kazi za Posada zina mistari membamba kama unywele. Ukiipunguza ikae kifuani, mistari inaungana na kuwa doa jeusi. Ichore upya kwa vekta (mchoro wa kompyuta usiopoteza ubora ukikuzwa au kupunguzwa), nenepesha mistari, ipunguze idadi.

Wazo lingine ni papel picado, yale makaratasi ya kukatwa kwa patasi wanayotundika kwenye kamba. Wanayatengeneza sana San Salvador Huixcolotla, Puebla. Mbinu ya kukata karatasi mtu yeyote anaweza kuitumia, wewe buni mkato wako. Rangi moja tu, fulana nyeusi, inatoka safi. Ila usiache vipande vidogovidogo vinavyoelea peke yake. Kwenye DTF (kuchapa kwenye filamu kisha kubandika fulanani kwa joto) ndivyo vinavyobanduka kwanza mteja akifua. Vyote viungane. Na vikombe ni sublimesheni (wino unaoingizwa kwenye kikombe kwa joto), hiyo haina rangi nyeupe, kwa hiyo palipo peupe ni weupe wa kikombe chenyewe. Usije ukapanga meno ya fuvu meupe juu ya kikombe cha bluu.

mchora_mwanjelwa

Nashukuru wote, ndaga fijo. Frida, jiwe na tenango vimeshafutwa. Catrina wangu alikuwa na skafu ya Rivera kweli, sikujua ni ya Rivera. Nimemvua. Sasa ana kofia, miwani ya jua na simu mkononi anajipiga picha. Damu haikuwepo, mtoto wa Kalenga usiwe na wasiwasi.

Nguvu yote naihamishia kwenye karata. Nachora seti yangu: parachichi, pilipili, nyanya, na hindi. Hayo yote wao wameyala kabla yetu, na sisi huku Nyanda za Juu tunayalima kama yalizaliwa Mbozi. Hindi nimelifanya la punje za bluu na nyekundu kama yale ya kwao, nimezunguka nalo sokoni kuwaonyesha akina mama wa mahindi, mmoja akaniuliza hilo limelogwa au ni mbegu mpya. Kwenye maelezo ya bidhaa nitaandika wazi kwamba mchezo ni wa Meksiko na mchoraji ni Mtanzania wa Mbeya. Sitajifanya Mmeksiko.

Fundi, bei ya filamu kwa mita ikoje siku hizi? Nataka nichape ya majaribio hapa kwanza kabla sijapakia.

fundi_filamu_DTF

Inategemea wingi. Nicheki pembeni nikutajie. Hiyo bluu ya hindi nitumie kabla ya kulipa, kwenye mashine yangu bluu nzito inapenda kutoka zambarau.