Ukoo wa Tabora: Anko anachagua mabehewa

*Anko Salim:* Assalam alaykum wote. Ile reli yangu ya modeli nimeshamaliza kulaza njia, sasa nachagua mabehewa ya mizigo na hapa ndo pagumu kuliko kote, nataka mawazo yenu

*Shangazi Mwajuma:* Waalaykum salaam mdogo wangu. Baridi huko imeanza?

*Anko Salim:* Imeanza dada, ndo maana niko ndani na gundi na rangi

*Juma:* Shikamoo anko. Chukua yale ya kubebea vyakula kwa barafu yenye matangazo makubwa ya bia na jibini ubavuni, nimeyaona mtandaoni yamenoga balaa

*Anko Salim:* Marahaba. Mazuri kweli Juma, ila mi natengeneza Altoona, Pennsylvania, mwaka 1956, na matangazo ya namna ile tume ya serikali iliyokuwa inasimamia reli Marekani iliyapiga marufuku 1934, wakapewa muda wa kuyafuta, kufika 1937 yameisha njiani. Nikiweka hata moja treni nzima inakuwa ya uongo

*Tatu:* Kwani 1956 ina nini hasa anko

*Anko Salim:* Mvuke mwanangu! Kampuni ya Reli ya Pennsylvania iliachana na vichwa vya mvuke 1957 kwa hiyo 1956 napata mvuke na dizeli kwenye njia moja

*Juma:* Basi si ununue yote ya Pennsylvania yamalize

*Anko Salim:* Hapo ndo wengi wanakwama. Mabehewa ya makaa sawa, yale mengi yalizunguka kwenye reli ya mwenyewe, mgodini hadi kiwandani na kurudi. Ila behewa la boksi, lile lililofunikwa lenye mlango ubavuni, lilitembea bara zima, likishushwa mzigo linapakiwa tena huko huko lilipo, kwa hiyo pale Altoona unakuta la kampuni ya Santa Fe limeunganishwa na la Southern na nyuma yao la Canadian National kutoka Kanada. Kampuni yenye mabehewa mengi nchi nzima ndo itaonekana mara nyingi kwenye treni yoyote, ndo maana baada ya Pennsylvania natanguliza New York Central ingawa walikuwa wapinzani wakubwa

*Kaka Idi:* Unajuaje lipi lilipita lipi halikupita? Picha?

*Anko Salim:* Picha tahadhari nazo Idi. Mpiga picha alikuwa anafuata kichwa cha treni au behewa la ajabu, nani amalize filamu yake kwa boksi la kawaida rangi ya kutu na ndo yalikuwa mamia kwa mamia. Mi natafuta zilizopigwa juu ya kilima zinazoonyesha yadi nzima, halafu kuna daftari za makondakta wa treni za mizigo, waliandika herufi za kampuni, namba ya behewa na lilichobeba, wengine siku hizi wanaziskani. Hizo ndo dhahabu

*Kaka Idi:* Aisee

*Anko Salim:* Sasa sikia la kwanza kwenye orodha yangu, behewa la boksi aina ya X29 ya Pennsylvania. Walianza kuliunda 1924, la chuma, yalifika karibu 30,000. Ni fupi kwa kimo kuliko yale yaliyokuja baada ya vita, ukiliweka karibu na boksi aina ya PS-1 la kiwanda cha Pullman-Standard la 1947 kwenda mbele, hata kwenye kipimo cha 1 kwa 87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko ya kweli, paa linashuka kama milimita 7 na treni inakuwa na mgongo usiolingana kama ya kweli. Na chini ubavuni yalikuwa yanaoza kutu wanayaunga viraka vya bati, nataka nivitengeneze hivyo viraka kimoja kimoja

*Tatu:* Viraka kwenye behewa la sentimita ngapi anko?? 😳

*Anko Salim:* 14 hivi. Kibati chembamba, tone la gundi, unapaka rangi mpya kidogo kuliko pembeni yake. Na maandishi lazima niyasome kwa lenzi maana kila baada ya muda behewa lilipimwa uzito upya likiwa tupu wakaandika mwezi na mwaka ubavuni, modeli nzuri tu ina tarehe ya 1959, hiyo nairudisha kabatini. Breki nazo, zile za mtindo wa zamani wa K zilikatazwa kwenye mabehewa ya kwenda reli za wengine mwaka 1953, kwa hiyo naangalia hata chini ya tumbo

*Juma:* Kwa hiyo hakuna hata moja la rangi nzuri jamani

*Anko Salim:* Lipo, usinune. Behewa la barafu la Pacific Fruit Express, la machungwa kabisa, na vifuniko vya kutilia barafu kwenye kona za paa, lilileta matunda na mboga za California mpaka huku mashariki. Hilo naagiza usiku huu

*Kaka Idi:* Na ya kwetu lini? Reli ya Kati ilifika Kigoma 1914 na hatuna hata behewa moja mezani

*Anko Salim:* Nawaza sana hilo. Yetu upana kati ya reli mbili ni mita moja kwa hiyo kwa kipimo hichohicho njia ni milimita 12, zipo, Waswisi wanazitumia sana. Ila mwaka kwanza, maana 1948 ya Tanganyika iliunganishwa na ya Kenya na Uganda, 1977 ikavunjika, na kila mara jina likabadilika. Muulizeni babu, enzi zake mabehewa yalikuwa rangi gani na mlango ulifungukaje

*Shangazi Mwajuma:* Babu amelala, nitamuuliza kesho baada ya swala. Ila na we nitumie picha ya hicho kiraka kikikauka nimwonyeshe, atafurahi