Nimekabidhiwa mipango miji ya mji mdogo, naanzia wapi?

Mchoraji_Kaskazini
Wakuu habari za jioni. Mimi ni afisa mipango miji, nimehamishiwa huku kati ya Arusha na Moshi na nimekaimishwa kuongoza kitengo kwenye mji mdogo mmoja (nisiutaje, mnanielewa). Kitengo chenyewe ni mimi, fundi sanifu mmoja na pikipiki ambayo mafuta yake mpaka uandike barua. Mpango kabambe (wa mji mzima) hakuna, kuna michoro ya mipango miji (TP) ya zamani ya pale katikati tu, kwingine kote ni vihamba (mashamba ya ukoo yenye migomba) na mashamba ya mahindi yanakatwa vipande vya mita 20 kwa 20 kila kukicha, na tangu njia nne ya Sakina mpaka Tengeru iishe na ile bypass (barabara ya mchepuko) nayo ifunguliwe watu wanamiminika tu kutafuta viwanja, dalali anakuuzia eneo zuri ila kuingia ni kwa boda. Mkurugenzi anataka viwanja vya kuuza apate mapato, diwani anataka eneo la viwanda liwe kwake, wazazi wa pale shuleni wanalalamika baa na wachomeleaji. Nikikaa ofisini naweza kuchora ramani ya matumizi ya ardhi yenye rangi zote ila naona kabisa itaishia kubandikwa ukutani. Waliowahi kushika ofisi za hivi mlianza na nini?

MzeeWaTP
Hongera kijana na pole pia. Achana na rangi kwanza, shika barabara. Matumizi ya kiwanja yanabadilika, leo bucha kesho duka la dawa, na utaratibu wa kuomba kubadilisha matumizi upo kwenye sheria. Ila njia ikishajengewa nyumba ya tofali basi, kuirudisha ni fidia na halmashauri yako hela ya fidia haina, tusidanganyane. Chukua picha ya anga, zunguka na wenyeviti wa vitongoji, kila njia ambayo lori la mchanga linapita sasa hivi iweke kwenye karatasi, halafu tafuta wapi zikiunganishwa zinatoa mtaa. Hiyo mifupa ndo mpango wako wa kwanza, mipango ya kina itafuata eneo kwa eneo.

Na wale wenyeviti usiwadharau, ndo wajumbe wa baraza la mji mdogo na ndo haohao wanaitwa kushuhudia mauziano. Mwenyekiti akikubali kutoshuhudia kipande kisicho na njia ya gari umepata askari wa bure kila kitongoji. Usije ukawaita watu ukiwa na mchoro umeshamaliza, Sheria ya Mipango Miji namba 8 ya 2007 yenyewe inataka wenye ardhi na wadau washirikishwe kabla, na ukiacha sheria, bibi anayejua masika maji yanapita wapi ana faida kuliko droni.

Dalali_Mstaarabu
Mnatusema sana madalali lakini sawa 😂 mzee umeongea ila mwenye shamba hatoi barabara bure hivihivi lazima umpigie hesabu. Ekari tunaihesabu hatua 70 kwa 70, ni kama mita za mraba elfu 4, ukikata 20 kwa 20 ni vipande kumi kwenye karatasi. Barabara ya mita 6 ikipita katikati inakula karibu kipande kimoja. Sasa mwambie mwenye shamba hivi, vipande tisa gari inafika mlangoni na kumi ambavyo vya nyuma mteja anashuka na boda anatembea kwenye migomba, vipi vinaisha haraka na kwa bei gani? Mimi nimeshauza vya aina zote mbili, cha nyuma unakizungusha mpaka mwenyewe anakata tamaa anashusha bei. Ongea nao hela, ukianza na kifungu cha sheria wanakusikiliza tu kwa heshima.

Bikoni77
Mimi ni mpima. Na Mzee nakubaliana nusu, kwenye barabara kuu huwezi kusema matumizi yatasubiri. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipeleka hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 mpaka 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na watu bado wanajenga fremu wakikumbuka kipimo cha zamani, wewe ukipitisha kibali humo, siku nyumba zinapigwa X zivunjwe unatajwa jina. Pale mbele amua mapema sheli wapi, malori yalale wapi, gereji wapi, maana haya yakishaota hayang'oki.

Kingine cheki hadhi ya ardhi. Huko pembeni unaweza kukuta ni kijiji bado, maana yake Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inafanya kazi na halmashauri ya kijiji ndo msimamizi, kwa hiyo hakikisha eneo limetangazwa kuwa la mipango miji kabla hujachora. Mto unaachiwa mita 60 bila kujenga kwa sheria ya mazingira ya 2004, hiyo haina mjadala. Ila ile mifereji ya wazee ya kumwagilia watu wanaisahau kwenye michoro, wanaifukia wanajenga, masika maji yanaingia sebuleni kwa mtu wa chini. Iweke kwenye mchoro na njia ipite pembeni yake, unapata vyote kwa mkupuo.

Mchoraji_Kaskazini
Asanteni sana, hiyo hesabu ya vipande tisa naiba. Sasa mkurugenzi namjibuje? Anataka viwanja mwaka huu wa fedha.

MzeeWaTP
Usimkatalie, atakuona kikwazo. Mchagulie eneo moja ambalo wenye mashamba wameshakubali barabara, mpime hilo, auze, aone hela, halafu uombe sehemu ya hiyo hela irudi kupima linalofuata na iandikwe kwenye bajeti, ahadi ya mdomo haipimi kiwanja. Diwani mwambie eneo la viwanda linahitaji umeme mkubwa na njia ya malori, aonyeshe kata yake inavyo. Wachomeleaji usiwafukuze kama huna pa kuwapeleka, watahamia kichochoro cha pili yake. Baa ya shuleni iibane kwenye leseni ikija kuhuishwa, ni rahisi kuliko kuvunja.

Mchoraji_Kaskazini
Sawa mzee. Nina kikao na wenyeviti Ijumaa nataka kwenda na picha ya anga kubwa ya kutandika mezani wachore na maka peni. Nani anajua Moshi mjini wanaprinti A0 (karatasi kubwa ya ramani) wapi? Plota (printa ya ramani) ya halmashauri imekufa.

Bikoni77
Stationeri nyingi zinaishia A3. Nenda kwa wanaochapa mabango, mwambie akutolee kwenye ile ya plastiki, hata mvua ikinyesha mko nje haichaniki.