Mstari wa kahawia usiotoka chooni: siki, limau au jiki?

Muulizaji:
Ndugu zangu, naomba ushauri. Sinki la choo chetu limeota mstari wa kahawia pale maji yanapokomea, nao hautoki hata nikiumwagia jiki usiku na kuusugua kwa brashi asubuhi. Tunatumia maji ya kisima, na hata tangi la choo likiwa limejaa, maji huendelea kuchuruzika kidogo kidogo sinkini. Je, kipo kitu cha nyumbani kitakachouondoa bila kukwaruza sinki?

Jibu la kwanza:
Maelezo yako yanaonyesha kuwa hiyo ni chokaa inayoachwa na maji magumu, yaani yenye madini mengi, nayo hunasa uchafu na kutu, ndipo ikapata rangi hiyo. Jiki huua vijidudu na kufifisha madoa, lakini haiyeyushi chokaa. Kinachoiyeyusha ni asidi, kama siki nyeupe au asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye limau. Wengi humimina siki juu ya maji yaliyotuama, ikazimuliwa papo hapo, kisha wakadhani haina nguvu. Funga koki ya tangi, vuta maji, kisha yasukume kwa brashi yale yaliyobaki mpaka mstari uwe wazi. Loweka karatasi za chooni katika siki, uzibandike juu yake na uziache usiku kucha, ndipo usugue.

Nakusihi sana, usilete siki kabla jiki yote haijaondoka kwa kuvuta maji mara kadhaa, kwa kuwa vikikutana hutoa gesi ya klorini inayounguza macho na mapafu, nawe umo katika chumba kidogo.

Jibu la pili:
Naongeza kuwa bikaboneti ya soda haifai kuchanganywa na siki kwa kazi hii. Povu lake huvutia, lakini asidi na alkali hutanguana. Itumie peke yake kusugulia madoa mepesi.

Jibu la tatu:
Mimi ningeanza na tangi. Tia matone ya rangi ya chakula ndani yake, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikitokea sinkini, mpira wa kuzibia ulio ndani ya tangi, upande wa chini, umechakaa au umeshika chokaa. Ufute kwa siki, na ukiwa umekakamaa, ubadilishe. Maji hayo yanayochuruzika ndiyo yanayoleta chokaa mpya mchana na usiku, hivyo yasipozibwa mstari utarudi. Jiki nayo usiitie tangini, kwani huharibu mpira huo.