Bakapu za mbali kwa ofisi ndogo: rsync, restic, Duplicati au UrBackup?

KompyutaMbagala

Wakuu, heshima kwenu. Nina wateja watatu ninaowafanyia matengenezo ya kompyuta, na sasa wanataka bakapu zao ziwe zinatoka nje ya ofisi kila usiku. Mpaka leo wawili wana diski ya nje inayoning'inia kwenye kompyuta ileile, na mmoja ana fleshi ambayo mhasibu huondoka nayo kwenye pochi.

Wa kwanza ni duka la vipuri Kariakoo, kompyuta moja ya Windows yenye QuickBooks, programu ya mahesabu. Wa pili ni wakala wa forodha: kompyuta tano, PDF za skana kwa maelfu, na Outlook ya bosi ambayo faili lake la PST, lile linalobeba barua pepe zote, limefika GB 18. Wa tatu ni zahanati, seva ya Ubuntu yenye mfumo wa wagonjwa juu ya hifadhidata ya MySQL. Jumla ni kama GB 140, nyingi ziko kwa wakala, na intaneti yake ndiyo mbovu kuliko zote: inapakia Mbps 4 siku ikiamka vizuri.

Nyumbani nina seva ndogo yenye diski mbili za TB 4, na ikibidi kukodi nafasi klaudi nitakodi. Ninachotaka ni programu inayotuma mabadiliko tu. Mwenye uzoefu anishike mkono.

bandari_msa

Rsync, na usiangalie nyuma. Ipo tangu 1996, haina cha kuharibika. Inalinganisha faili la huku na la kule vipande kwa vipande, kisha inapeleka vile vilivyobadilika peke yake. Ukiongeza --link-dest, kila siku inakuwa na folda yake inayoonekana kamili, kumbe mafaili ambayo hayakuguswa ni yaleyale ya jana, hayali nafasi mara mbili. Ukitaka kurudisha kitu unafungua folda ya Jumanne unakopi. Hakuna nywila wala hifadhidata ya ajabu. Mimi hapa Mombasa nina wateja sita kwa mtindo huo na nalala usingizi.

Mama_Seva

Bandari, wateja wako ni wa Linux wote, ndiyo maana unalala. Ipeleke rsync kwa wakala wa forodha uone.

Kwenye waya ni kweli zitapita MB chache tu. Lakini kule kwenye seva, faili likibadilika hata herufi moja, --link-dest inalihifadhi zima upya. PST hubadilika kila bosi anapofungua Outlook. GB 18 mara siku saba ni GB 126, kwa faili moja la mtu mmoja. Diski ya TB 4 itajaa barua pepe za bosi kabla ya mwaka kwisha.

Jambo la pili ni Windows. Outlook ikiwa wazi inalishikilia faili, na rsync haijui kuiomba Windows picha ya papo hapo ya diski, ile huduma ya VSS. Utapata bakapu ya kila kitu isipokuwa kile walichokulipa ukilinde.

Ndugu KompyutaMbagala, tafuta kwanza faili kubwa linaloguswa kila siku, ndilo litakalokuchagulia programu. Kwa wakala mimi ningeweka restic. Inakata faili vipande kufuatana na yaliyomo, inasimba kila kipande, na kipande kilichokwishafika hakitumwi tena hata kama kimehamia folda nyingine au kompyuta nyingine. Ile PDF ya tozo ambayo wote watano wameikopi kwenye desktopu zao inahifadhiwa mara moja. Kwenye Windows unaiendesha kama msimamizi hivi:

restic backup --use-fs-snapshot D:\Nyaraka

na mafaili yaliyofunguliwa yanachukuliwa. Borg nayo ni nzuri, ila haina toleo la Windows lenyewe, kwa hiyo iache kwa seva ya zahanati ukipenda. Mimi nisingechanganya programu mbili kwa wateja watatu.

waya_mweusi

Restic haina madirisha, ni amri tupu. Mteja akitaka kujirudishia faili lake atakupigia simu saa nne usiku. Duplicati ina ukurasa wake kwenye kivinjari, mtu anabofya folda, anachagua tarehe, amemaliza. Nayo inatuma vipande vilivyobadilika tu na inatumia VSS vilevile.

Udhaifu wake niuseme mwenyewe kabla Mama hajaniwahi: kumbukumbu ya vipande vyote inakaa kwenye hifadhidata ndani ya kompyuta ya mteja. Kompyuta ikiibiwa, mpya lazima ijenge upya habari hiyo kutoka kule mbali, na kwa intaneti yetu utakunywa chai nyingi.

UrBackup nimeiweka sehemu mbili. Inapendeza ukitaka kurudisha Windows nzima na programu zake, kwa sababu inachukua pia taswira ya diski. Seva inakaa kwako, unaona wateja wote kwenye ukurasa mmoja, nani kijani nani mwekundu. Lakini kama diski ya seva yako haitumii btrfs au ZFS, mifumo ya mafaili inayohifadhi vipande vilivyobadilika tu, ile PST itakusumbua hukohuko kama kwa rsync.

Kijana_wa_Posta

Samahani wakuu, kwani wakisawazisha tu na Google Drive si inatosha? Mbona mambo mengi.

Mama_Seva

Mwanangu, usawazishaji unabeba na uharibifu. Mhasibu akifuta folda, inafutika na kule. Virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa vikiingia, yale mafaili yaliyofungwa ndiyo yanapandishwa. Matoleo ya zamani yapo kwa siku kadhaa, lakini jaribu kurudisha mafaili elfu arobaini moja moja.

KompyutaMbagala

Asanteni sana. Mama, nimeelewa hoja ya PST. Maswali mawili. Hizo GB 140 za mwanzo zinapandaje kwa Mbps 4? Nimepiga hesabu: saa 78 bila kupumzika, na ofisi itakuwa haina intaneti siku tatu. Pili, kama virusi vikiingia kwenye kompyuta yenye restic, si vitakuta na nywila ya bakapu vikafute kule?

Mama_Seva

La kwanza: usizipandishe. Chukua diski ya nje, tengeneza hazina ya restic (folda inamohifadhi vipande vyake) humo ndani, piga bakapu ya kwanza palepale ofisini. Jioni beba diski kwa daladala mpaka nyumbani, kopi hazina kwenye seva, kisha elekeza kompyuta ya mteja kwenye anwani mpya. Restic inaitambua hazina yake hata ikihamishwa. Kuanzia hapo ni mabadiliko tu. Hata yakiwa GB 2 kwa siku, hiyo ni kama saa moja na dakika saba kwa Mbps 4.

Diski ile usiifute. Iache ofisini kama nakala ya karibu, iwe inachomekwa Ijumaa na kuchomolewa. Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini? Aliyekuwa na bakapu Ulaya tu siku hizo alikuwa anaiona kwa darubini.

La pili: umeuliza vizuri kuliko wengi. Usimpe mteja SFTP tupu, maana kwa njia hiyo anaweza kufuta mafaili kule. Weka rest-server, programu ya kupokea bakapu za restic, kwenye seva yako na uiwashe kwa --append-only. Kompyuta ya mteja inaruhusiwa kuongeza, haina ruhusa ya kufuta. Kazi ya kupunguza matoleo ya zamani unaifanya wewe, ukiwa kwenye seva yenyewe: siku 7, wiki 4, miezi 12 zinatosha kwa wengi wao.

bandari_msa

Hapo kwa append-only nimenyanyua mikono. Nyongeza yangu kwa zahanati: usikopi folda ya MySQL ikiwa inakimbia, utarudisha takataka. Toa dampo, yaani nakala ya hifadhidata nzima kwenye faili moja, kwa mysqldump --single-transaction, na usiligandamize kwa gzip kabla ya kuipa restic. Ukiligandamiza, badiliko dogo la juu linavuruga kila kitu kilicho chini yake, na kila usiku linaonekana faili jipya. Restic inagandamiza yenyewe.

Tena tumia --stdin-from-command badala ya bomba la kawaida (ile alama | ya kupitisha matokeo ya amri moja kwenda nyingine). Kwa bomba, mysqldump ikifia njiani restic inapokea nusu na kusema imefanikiwa.

waya_mweusi

Na kabla hujapeleka data ya wagonjwa klaudi ya nje, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 1, 2023. Taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la nyeti, na kuzivusha mpaka kuna masharti yake. Kwa zahanati ningebaki na seva ya hapahapa nchini, na mkataba wa maandishi kati yako na mwenye zahanati. Kwa sababu sasa na wewe unashika data za watu.

KompyutaMbagala

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Nimefuata njia ya Mama kwa wote watatu, seva ni ya nyumbani na ina UPS.

Wakala: bakapu ya kwanza kwenye diski ilichukua mchana mzima. Usiku wa kwanza kwa intaneti zilipanda MB 410, pamoja na PST.

Kariakoo ndiko nilikoaibika. Siku nne mfululizo hakuna kilichofika. Nikadhani ruta, nikabadilisha waya. Kumbe mwenye duka anapofunga jioni anashusha swichi kuu, kila kitu kinazimika isipokuwa taa ya nje. Bakapu ya saa 7 usiku ilikuwa inamsubiri marehemu. Nimeihamishia saa 7 mchana wakati wa chakula, nikaweka --limit-upload 200 kupunguza kasi ya kupandisha ili mashine ya risiti isikose mtandao, na kwenye ratiba ya Windows nimeruhusu kazi iliyokosa muda wake ianze kompyuta ikiwaka. QuickBooks nayo inatoa bakapu yake yenyewe kwenye folda kabla ya hapo, restic inabeba hiyo.

Zahanati niliwaomba mashine ya pili, nikarudisha dampo la juzi yake, nikamwita muuguzi wa mapokezi atafute mgonjwa yeyote aliyemsajili siku ile. Alimpata wa kwanza, wa pili akamkuta amesajiliwa mara mbili, tukaanza kubishana juu ya hilo badala ya bakapu.

waya_mweusi

Hongera mkuu. Unawatoza kwa GB au kwa mwezi?

KompyutaMbagala

Kwa mwezi, bei moja, ndani yake kuna zoezi la kurudisha kila robo mwaka. Nikitoza kwa GB wataanza kuniambia nisichukue folda fulani.

Mama_Seva

Vizuri. Na nywila za hazina? Ukizipoteza restic haina mlango wa nyuma.

KompyutaMbagala

Bahasha mbili kwa kila mteja, zimebandikwa na kusainiwa juu ya gundi. Moja kwenye sefu ya mteja. Ya pili iko kwangu, kwenye sanduku la vyeti vya shule vya watoto, na mke wangu anajua.